Fundi Anajibu: Spana za Nati Ndogo za Swichi

Barua tano kati ya zilizofika kwenye safu hii zinahusu sehemu moja ya kazi, nayo ni kuifunga nati ndogo ya swichi juu ya kasha la kifaa ambacho msomaji amekiunda mwenyewe. Nimeona vyema nizijibu pamoja, kwa kuwa jibu la mmoja litamfaa na mwingine.

Swali: *Fundi, salaam. Ninaunda vikuza sauti vidogo vya gitaa ndani ya makasha ya alumini ambayo huyapaka rangi kwa mkono wangu. Kazi yote huenda vizuri mpaka ninapofika kwenye kukaza nati za swichi na za voliumu. Hutumia koleo, nalo huteleza na kuchubua rangi ambayo nimeisubiri siku tatu ikauke. Je, ipo spana ya kazi hii, nami niitafute ya ukubwa gani? – Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ipo, na huenda tayari imelala katika sanduku la jirani yako anayetengeneza pikipiki. Kabla ya kwenda kuiazima, tuelewane kwanza kwa nini koleo halifai, hata likiwa jipya na la bei kubwa. Koleo huishika nati kwa pande mbili tu, tena kutoka ubavuni, na taya zake hazilingani na pande za nati isipokuwa mahali pamoja. Nati za swichi ni nyembamba, nyingi hazizidi milimita 2 kwa kimo, kwa hiyo taya hupata mahali padogo sana pa kushika. Mkono ukiongeza nguvu kidogo, taya hupanda, huruka, na ncha yake hulala juu ya rangi. Kifaa kinachofaa ni kile kinachoishukia nati kutoka juu na kuizunguka pande zake zote sita, kikiacha nafasi katikati ili kijiti cha swichi au mhimili wa voliumu upite bila kuguswa.

Kuhusu ukubwa, tafadhali pima kabla ya kununua. Kipimo cha spana ni umbali wa kutoka ubavu mmoja wa nati hadi ubavu unaoutazama, wala si upana wa tundu ulilolitoboa kwa keekee. Swichi ndogo za kijiti ambazo wengi wetu tunazitumia hupita katika tundu la milimita 6 na kitu, na nati yake ni ya milimita 8. Zile zilizotengenezwa kwa vipimo vya Marekani zina shingo, yaani ile sehemu inayopita kwenye tundu na kufungwa nati, ya robo inchi, na nati yake ni ya inchi 5/16, ambayo ni sawa na milimita 7.94, kwa hiyo spana ya 8 inazihudumia zote mbili bila taabu. Voliumu ndogo zenye shingo ya milimita 7 huchukua nati ya 10. Swichi ya kukanyaga kwa mguu, ile ya vifaa vya gitaa yenye shingo ya milimita 12, huchukua nati ya 14.

Penye hila ni kwenye voliumu na jeki kubwa za gitaa, yaani matundu ya kuchomekea waya, zenye shingo ya inchi 3/8. Nati yake ni ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 12 haiingii, nayo ya 13 huingia ikiwa na ulegevu wa milimita 0.3, ulegevu ambao kwa nati nene ya injini hauna madhara, lakini kwa nati nyembamba namna hii unatosha kuzila pembe. Ukiwa unaunda vikuza sauti mara kwa mara, tafuta spana moja ya nusu inchi ya kweli na uitunze kwa ajili ya kazi hiyo tu. Vivyo hivyo kwa swichi kubwa za kijiti za Marekani: nati yake ni ya inchi 9/16, sawa na milimita 14.29, na spana ya 14 itagoma kuingia.

Sasa niseme kuhusu aina ya spana. Ile ninayoipenda kuliko zote ni spana boksi ya bomba, yaani kipande cha bomba la chuma kilichofinyangwa pande sita katika kila ncha, chenye tundu ubavuni la kupitishia kijiti cha kuzungushia. Wenye pikipiki na jenereta ndogo wanaijua, kwa sababu ile ya kufungulia plagi mara nyingi hutolewa pamoja na mashine. Zipo pia ndogo za 8, 10, 12 na 14. Ziko wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mhimili wa voliumu hata ukiwa mrefu vipi hupita. Kuta zake ni nyembamba, hivyo huingia katikati ya swichi zilizopangwa karibu karibu. Na mdomo wake umekatwa bapa, jambo ambalo nitalieleza sasa hivi kwa kuwa ndiyo siri ya kazi yote.

Chukua spana ya soketi ya kawaida, ya milimita 8, uitazame mdomoni ukiielekeza kwenye mwanga. Utaona kwamba ukingo wa ndani umechongwa mteremko, ili spana iingie kwa urahisi juu ya nati ya gari hata fundi asipoiona vizuri. Mteremko huo unaweza kufika milimita 1. Ikiwa nati yako ina kimo cha milimita 2, basi nusu yake imekaa mahali ambapo soketi haishiki kitu, na nusu iliyobaki ndiyo inayobeba nguvu zote. Hapo ndipo soketi huteleza, ingawa ukubwa wake ni sahihi, na mwenye kazi hubaki akishangaa.

Dawa yake ni kuusaga mdomo wa soketi mpaka mteremko uishe. Chuma chake ni kigumu na tupa ya kawaida itateleza juu yake, kwa hiyo tumia jiwe la kunolea la mota. Gusa kidogo, chovya kwenye maji, gusa tena, maana chuma kikipata moto hadi kikabadilika rangi kitapoteza ugumu wake. Vaa miwani ya kazi. Kila baada ya miguso michache tazama mdomoni: mwanzoni utaona duara jembamba linalong'aa kwa nje, kisha litapanuka kuelekea ndani, na siku zote litafika kwanza kwenye pembe sita na mwisho katikati ya mbavu. Mbavu zote sita zikishatokea kali na wazi, acha. Malizia kwa kuizungusha soketi juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kipande cha kioo, ili usibaki ukwaruo wowote utakaogusa rangi yako. Soketi iliyosagwa hivyo huilalia nati yote, toka juu hadi chini, na mkono unahisi tofauti tangu mzunguko wa kwanza.

Spana ya T ya mafundi wa bodaboda nayo inafaa, mradi uhakikishe kina cha tundu lake. Shingo ya swichi pamoja na kijiti chake huweza kusimama milimita 20 juu ya kasha, na baadhi ya spana hizo zina tundu fupi ambalo chini yake ni fimbo nzima ya chuma. Kijiti kikigonga huko ndani kabla nati haijafikiwa, utakachokuwa unakisukuma ni swichi yenyewe. Bisibisi ya nati yenye shina wazi ndani ni nzuri kuliko zote kwa urahisi wa kushika, ukiipata. Spana ringi ya kawaida hufanya kazi pale ambapo pana nafasi, ila mpini wake uko upande mmoja na huivuta spana ikae kishingo. Bonyeza kichwa chake kwa kidole cha mkono wa pili wakati unazungusha.

Kuhusu rangi yako, hata spana ikiwa njema namna gani, weka kizuizi. Kata kipande bapa cha plastiki kutoka kifuniko cha kopo la aiskrimu, toboa tundu ambalo nati na spana vinapita, ukilaze juu ya kasha kabla hujaanza. Chini ya nati yenyewe weka washa, yaani pete bapa, nyembamba ya nailoni au ya chuma laini, kwa sababu nati inayozunguka moja kwa moja juu ya rangi huing'oa kwa duara hata bila spana kuteleza. Tena, siku tatu ni chache kwa rangi nyingi za kupulizia; ikiwa ukucha bado unaacha alama mahali pasipoonekana, ipe rangi wiki nzima.

Swali: *Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimeunda taa ya betri yenye swichi kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Kila ninapokaza nati, swichi nzima huzunguka ndani ya kasha, na juzi waya mbili zilikatika pale nilipozilehemu. Nimeambiwa nishike kile kijiti kwa koleo wakati wa kukaza. Je, ni sawa? – Mwanafunzi, Tabora*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usikishike kijiti. Kijiti kimejengwa kwa ajili ya kusukumwa mbele na nyuma, na egemeo lake la ndani ni dogo mno. Ukikipindua kwa koleo utaiua swichi ambayo haijawasha taa hata mara moja.

Tazama swichi yako ilipotoka kwenye pakiti. Mara nyingi huja na nati mbili, washa moja yenye meno, na pengine washa nyingine yenye ulimi mdogo. Watu wengi huzifunga zote nje, au huzitupa zisizoeleweka. Nati ya kwanza ni ya kukaa ndani ya kasha, chini ya uso wake. Hiyo ndiyo inayopanga kimo cha swichi, na ndiyo inayolizuia kasha lisikalie mwili wa swichi. Juu ya nati hiyo, bado kwa ndani, inakuja washa yenye meno, ambayo kazi yake ni kung'ata kasha ili swichi isizunguke. Kisha shingo hupita kwenye tundu, na nati ya pili hufungwa kwa nje. Ile yenye ulimi inahitaji tundu dogo la pili, kando ya lile kubwa, ambamo ulimi wake huingia. Ukilitoboa, swichi haizunguki hata ukaze vipi.

Panga nati ya ndani kwa kujaribu. Iteremshe au ipandishe mpaka, nati ya nje ikishafungwa, kwa juu ibaki mizunguko mmoja au miwili ya hesi, yaani mifuo ile inayoizunguka shingo. Ikibaki mirefu, kijiti kitaonekana kimesimama kama mnara. Ikikosekana, nati ya nje haina mahali pa kutosha pa kushika. Wakati wa kukaza, mwili wa swichi ushike kwa vidole kutoka ndani, na ikiwa vidole havifiki, ishike nati ya ndani kwa spana bapa nyembamba ya 8, ile ya baiskeli. Ikiwa spana uliyonayo ni nene na haipiti, kata kipande cha bati, chonga mdomo wa milimita 8 kwa tupa, nawe utakuwa umejipatia spana yako.

Tena kwa mradi wako, funga swichi kwanza, lehemu waya baadaye. Waya ulizozilehemu zilikatika kwa sababu zilizungushwa pamoja na swichi, na risasi ya kulehemu haipendi kupindwa. Ikiwa siku moja utatumia swichi inayolehemiwa kwenye ubao wa saketi moja kwa moja, fuata utaratibu uleule: itie kwenye ubao bila kuilehemu, pitisha shingo kwenye kasha, kaza nati kidogo, kisha ndipo ulehemu ubao ukiwa umetulia mahali pake. Ukilehemu kwanza, kila tofauti ndogo kati ya matundu ya kasha na ya ubao itabebwa na miguu ya swichi, na mguu mmoja utaachia siku usiyoitarajia, labda mbele ya waamuzi.

Swali: *Ndugu Fundi, ninatengeneza vifaa vidogo vya kuunganisha maikrofoni na simu. Jeki zangu za milimita 3.5 zina nati za duara zisizo na pande sita. Nyingine zina michirizi ubavuni, nyingine zina mikato miwili juu yake. Hutumia ncha ya bisibisi kuisukuma kwenye mkato mmoja, nayo huteleza. – Msomaji, Mombasa*

Jibu: Dada au kaka yangu, bisibisi inayosukuma mkato mmoja huibana nati upande, na nati iliyobanwa upande huharibu hesi. Mikato ni miwili kwa sababu inapaswa kusukumwa kwa pamoja.

Kifaa chake unaweza kukiunda kwa jioni moja. Waombe mafundi wa friji kipande cha bomba la shaba la inchi 5/16. Upana wake wa nje ni karibu milimita 8, na likiwa na ukuta wa milimita 0.8, ndani lina milimita 6 na ziada, kwa hiyo hupita juu ya shingo ya jeki yenye milimita 6 na kuikalia nati. Kata urefu wa vidole vinne. Libane kwenye jiliwa likiwa limezungushiwa kitambaa, ulisawazishe mdomo kwa tupa mpaka liweze kusimama lenyewe juu ya meza. Kisha iweke nati juu ya mdomo wa bomba na utie alama kwa sindano mahali ilipo mikato. Kinachobaki ni kuondoa shaba yote isipokuwa meno mawili kwenye alama hizo, kila jino likiwa na kimo kisichozidi kina cha mkato. Hapa usiwe na haraka. Tupa ndogo ya pembetatu, mipito michache, jaribu kwenye nati, rudi tena. Jino likiwa refu kuliko mkato litagusa kasha na kulikwaruza. Likiwa fupi litatoka. Upande wa pili wa bomba utie kwenye kipande cha mti kiwe mpini.

Utauliza kwa nini nimechagua shaba ilhali ni laini. Ni kwa sababu hiyohiyo. Nati ya jeki ndogo haihitaji nguvu, na ukizidisha, meno ya shaba yatapinda kabla ya hesi ya jeki kuharibika. Kuyanyoosha ni kazi ya dakika moja. Niliwahi kujaribu bomba la antena ya redio, nalo ni jembamba mno, meno yake hukunjika hata kwa nguvu ya kawaida. Ukiwa na koleo la kufungulia ringi za kubana, lile lenye ncha mbili za duara, nalo linaweza kuingia kwenye mikato, ingawa lazima ulishike wima bila kuyumba.

Kwa nati zenye michirizi ubavuni, acha chuma kabisa. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushe juu ya nati, ukaze kwa vidole. Nati hizo ziliumbwa kwa ajili ya vidole.

Swali: *Fundi, nati ya swichi yangu hulegea kila mwezi. Nilipaka gundi ya kuzuia nati, na baada ya siku chache kasha la plastiki likatoa nyufa kuzunguka tundu. Je, nilikaza mno? – Msomaji, Kisumu*

Jibu: Inawezekana ulikaza mno, lakini namshuku zaidi huyo wa pili. Gundi za majimaji za kuzuia nati zimetengenezwa kwa ajili ya chuma juu ya chuma, na baadhi ya plastiki zinazotumika sana kwa makasha, kama polikaboneti na eibiesi, huingiwa na nyufa zinapoguswa na gundi hiyo, hasa zikiwa zimebanwa. Rangi ya kucha, ambayo wengine huishauri, nayo ina viyeyushi vinavyoweza kuilainisha plastiki. Kwa kasha la plastiki usipake chochote karibu na tundu.

Nati yako hulegea kwa sababu plastiki inayobanwa kwa muda mrefu husogea polepole na kuwa nyembamba mahali pale, na ubanaji hupungua. Weka washa pana ya chuma ndani na nyingine nje ili nguvu isambae. Kaza kwa vidole mpaka nati ikatae, kisha ongeza kwa spana kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko. Robo hiyo huisogeza nati chini ya milimita 0.2, na hiyo inatosha kuyabana meno ya washa. Baada ya siku moja au mbili rudia kuikagua, kwa kuwa usogeaji mkubwa wa plastiki hutokea mwanzoni.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Ikiwa swichi hiyo inakata umeme wa nyumbani, usiendelee kuitumia ikiwa imelegea. Swichi inayozunguka huvuta waya zake, na waya iliyokatika ndani ya kasha ikiwa na volti 230 inaweza kugusa nati au kijiti unachokishika kila siku. Chomoa plagi kutoka ukutani kabla ya kugusa spana, kwani kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na ikiwa kasha ni la chuma, waya ya ardhi iwe na skrubu yake yenyewe, isitegemee nati ya swichi.

Swali: *Nati imepotea. Je, naweza kuchukua ya swichi nyingine? – Msomaji, Bukoba*

Jibu: Unaweza ikiwa hesi zinalingana, na jicho peke yake halitoshi kukuambia. Swichi mbili zinazofanana kabisa zinaweza kuwa moja ya robo inchi yenye mizunguko 40 kwa inchi, na nyingine ya milimita 6. Nati ya milimita 6 haipandi kabisa juu ya shingo ya robo inchi. Ile ya robo inchi huanza kupanda shingo ya milimita 6 ikiyumba, halafu hukwama au huruka. Ijaribu kwa vidole vitupu, spana ikiwa bado mezani. Iliyo yake hushuka mizunguko mitatu au minne kwa wepesi na bila kuyumba.